Gemu la Bata na Samli ya Mabira

Gemu la bata lilirudi nyumbani kwangu likizo hii iliyopita, bila boksi, bila sidii, bila kitu chochote cha kushika. Mjukuu wangu wa kike, ambaye anafundisha shule ya msingi Bukoba, alikaa kwenye mkeka, akafungua kompyuta yake, akabonyeza hapa na pale, halafu akasema, "Bibi, nimekununulia bata wako."

"Wako wapi?"

"Hawa hapa. Wanashuka."

Nikatazama. Palikuwa na mstari mdogo unajaa polepole kama ndoo chini ya bomba linalodondosha. Bando lilikatika mara mbili. Tukamenya ndizi, tukazibandika, zikaiva, tukala, na bata walikuwa bado njiani. Halafu ule muziki ukapiga, na vidole gumba vyangu vikaanza kutikisika vyenyewe kabla hajanipa pedi ya kuchezea.

Wanaonijua hapa Bugene watacheka kusikia kwamba mimi, niliyeishia darasa la nne, najua gemu. Najua moja tu. Miaka kumi na nane iliyopita binti yangu wa mwisho alirudi kutoka Mwanza na mashine ya mtumba ya kuchezea gemu, ile ya kuunganisha na televisheni, na sidii tatu. Moja ya mpira, moja ya magari, hizo watoto walizicheza wakazichoka. Ya tatu ilikuwa ya bata. Mama bata amevaa buti za mvua, amepotelewa na vifaranga wake thelathini, na anawatafuta nchi nzima: kwenye matete, mtoni, kwenye kinu cha kusaga kwa maji, kisha anawavusha daraja la kamba kwenda nyumbani. Akimpata mmoja, yule kifaranga anajipanga nyuma yake, wanaendelea kwa mstari. Basi. Hakuna bunduki wala ngumi.

Ulikuwa wakati wa masika, kahawa ilikuwa haijaiva, na nyasi za kutandaza kibanjani, chini ya migomba, nilikuwa nimeshatandaza. Nilikaa mara moja tu kuwatazama watoto wakicheza. Sikuinuka. Mume wangu alirudi akasimama mlangoni, panga mkononi, maji yanamtiririka.

"Mama watoto, chakula cha mchana kiko wapi?"

"Kiko kwenye mgomba," nikamjibu, bila kugeuza shingo.

Akaenda akakata mkungu mwenyewe. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kilichonishika zaidi ni kwamba niliwapa wale vifaranga majina. Mimi jina la mtu halinitoki. Naweza kuanza mwanzo wa kitongoji chetu cha Rugera, nilikozaliwa, nikataja nyumba kwa nyumba, waliokuwemo na waliohama, na watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Basi nikawagawia vifaranga majina ya watu wa Rugera. Sitayaandika hapa, maana wengine wana wajukuu wanaojua kusoma. Lakini kulikuwa na kifaranga mwenye kishungi aliyetembea ametanguliza kifua, na hakuna mtu wa Rugera ambaye asingemtambua mara moja.

Aliyecheza nami kwa moyo alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeolewa Mabira kwa watu wa ng'ombe. Akija mnadani Kayanga alilala kwetu siku mbili, na zile siku mbili zikawa nne. Tulikaa mkeka mmoja tukipokezana pedi na kubishana.

"Huyo siyo baba yako mkubwa, wifi. Baba yako mkubwa hakuwahi kutembea haraka hivyo hata nyumba ikiungua."

"Ulimjua wapi wewe? Alikuwa na mbio!" nikamjibu.

"Alikuwa na mbio akisikia pombe ya rubisi imeiva."

Tukacheka mpaka mama bata akatumbukia mtoni.

Wifi naye akanunuliwa na watu wa nyumbani kwake mashine kama yetu, wakaiwasha kwa sola. Lakini sidii ya bata hawakuipata popote. Kwa hiyo ya kwetu ikawa inatembea. Huku kwetu ukiazima ungo wa mtu huurudishi mtupu, unaweka ndani yake japo maharage ya kiganja kimoja. Na sidii ikaingia kwenye desturi hiyo hiyo. Ilienda Mabira ikarudi na maziwa ya mgando. Ilienda kwa jirani wa chini ikarudi na senene wa kukaanga. Mara moja nilifungua boksi lake nikakuta punje za kahawa za kutafuna zimepangwa kuizunguka sidii. Nyumba sita zilicheza gemu lile, na ninaweza kuzitaja zote kwa mpangilio, na kila moja ilileta nini.

Sisi tulikuwa tumefika vifaranga ishirini na tisa. Nao tulivuka daraja la kamba mara nyingi tu, tukafika mwisho wa safari. Ila yule wa thelathini hatukumwona. Tulimtafuta mpaka macho yakauma.

Aliyempata alikuwa binti wa mwisho wa wifi, msichana wa darasa la sita, mkimya, mwenye macho ya kuchungulia. Walikuwa wameazima sidii siku kumi na tano. Akaja na mama yake kuirudisha, na hata kabla hajakaa akanionyesha: nyuma ya maji ya kinu kuna tundu, ukiinama unaingia, na kifaranga yumo humo amelala.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita ingawa mimi ni mke wa mjomba wake, "huyu bado hana jina. Mimi nampa lako."

Nilifurahi vibaya mno. Lakini hapo hapo pua yangu ikanusa kitu. Nikaitoa sidii kwenye mashine. Inang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani, na inanuka samli.

"Wifi, hii kitu gani?"

"Ah, ilikuwa na vumbi. Huyu binti kaipaka samli kidogo akaifuta vizuri. Ngozi ikikauka si unaipaka samli? Kibuyu kikikauka si unakipaka?"

"Sasa hiki ni kibuyu?"

"Inacheza, haichezi?"

Ilicheza. Nikaifuta kwa khanga, tukaanza upya mpaka tukawa na vifaranga wote thelathini nyuma yetu. Nyumba ilikuwa imejaa. Mume wangu naye alivuta kigoda. Tukafika daraja la kamba. Mama bata akapanda, wa kwanza akapanda, wa pili, wa tatu, wanaingia mmoja mmoja, na mimi nawataja majina kwa sauti. Yule wa mwisho, mwenye jina langu, alipoweka mguu kwenye daraja, picha ikakwama. Muziki ukageuka mlio mmoja, kama nyuki ameingia kwenye chupa.

Tukazima, tukaanza tena. Pale pale. Kesho yake, pale pale. Siku ya tatu, pale pale. Na daraja lile tulikuwa tumelivuka mara nyingi kabla sidii haijaenda Mabira. Niambie, wewe ungefikiri nini?

Nilichofikiri nilikisema, uani, majirani wakiwa wamekuja kuchuma majani ya maboga. Nilisema, "Nyumba ya ng'ombe kila kitu kinapakwa samli, hata akili."

Wifi alifunga khanga yake kiunoni, akamshika binti yake mkono, akaondoka. Ndizi zilikuwa jikoni zinachemka. Kuondoka kwa mtu na kuacha chakula chake motoni, huku kwetu kila mtu anajua maana yake: sitakula kwako tena.

Mume wangu aliniambia, "Ni bata tu, Mama watoto." Aliniambia mwaka ule, na uliofuata, na mingine. Alikuwa akienda Mabira peke yake, akirudi ananiletea salamu ambazo nilijua amezitunga njiani. Alipokufa, wifi alikuja na watu wa Mabira. Alikaa upande wa pili wa turubai akamlilia kaka yake, nami nikakaa upande wangu nikamlilia mume wangu. Siku ya kuondoka alinipa mkono kama anavyompa mkono mtu aliyemkuta msibani. Watu wawili waliomlilia mtu mmoja, na hatukulia pamoja.

Na yule binti hakukanyaga kwangu tena. Alikua, akaolewa upande wa Rugera, na akienda Kayanga bodaboda yake inapita barabara ya kwangu. Hupunga mkono. Hashuki.

Ndiyo maana mjukuu aliponifungulia bata kwenye kompyuta nilifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Kwanza niseme uzuri wake. Picha ni safi, naona mpaka mishono ya buti. Zamani kadi ya kuhifadhia tulipofikia ilipotea, ikabidi mashine tuiache inawaka mchana kutwa tumeifunika kitenge, maana ukizima umerudi mwanzo. Hili jipya unasimama popote, unaenda kupalilia, unarudi unamkuta mama bata anakusubiri. Panya hawezi kulitafuna. Mtu hawezi kulikalia. Na kwa sidii yangu ya zamani hata mashine ya kuichezesha haipo tena. Ilikufa, fundi wa Kayanga akaifungua akaifunga akanipa pole. Bila hili jipya, bata wangu wangekuwa wamebaki kichwani mwangu tu.

Lakini nilimwambia mjukuu, "Tukimaliza umpelekee jirani wa chini. Atafurahi."

"Haliazimiki, bibi. Liko kwenye akaunti yangu."

"Na likizo ikiisha?"

"Naondoka nalo."

"Na wewe ukichoka nalo, unamwachia nani?"

Akafikiri. "Siwezi kumwachia mtu. Na hao wauzaji wakifunga duka lao, sina hakika litabaki."

"Basi hujanunua bata. Umenunua ruhusa ya kuwatazama."

"Bibi, wewe cheza!"

Nikacheza. Asubuhi kibanjani, mchana bata. Siku ya nne tulikuwa na thelathini wote. Yule wa nyuma ya kinu nilimwendea moja kwa moja, mjukuu akashangaa nimejuaje tundu lile. Sikumwambia. Tukafika darajani. Nilianza kuwataja majina, mjukuu akawa anacheka. Wa mwisho akaweka mguu.

Picha ikakwama. Muziki ukawa nyuki ndani ya chupa.

Mjukuu akabonyeza huku na huku. "Kompyuta imeganda. Ngoja."

Mimi nilikuwa nimeshaganda kabla yake. Nikajisikia nauliza, "Hii nayo nani kaipaka samli?"

"Samli gani, bibi?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akachukua simu, akasoma, akaendelea kusoma, mdomo unajongea.

"Bibi, watu wa kila nchi wanalalamikia daraja hili. Tangu enzi za sidii. Ukiwa na vifaranga wote thelathini, linakwama. Mashine inashindwa kuwabeba wote kwa pamoja. Ukiwa na ishirini na tisa, unavuka."

"Tangu zamani?"

"Tangu lilipotengenezwa. Na hawa waliolirudisha sokoni walijua. Wanasema wameliacha kama lilivyokuwa, ili liwe lile lile." Akakasirika. Kijana akinunua kitu anataka kifanye kazi. "Sasa huu si wizi? Mtu analipa upya anauziwa kosa lile lile! Wangelirekebisha tu, kazi ya siku moja."

Nilikuwa natazama lile daraja na mstari wa watu wa Rugera wamesimama juu yake. Nikamwambia, "Wasingeliacha hivyo, ningekufa naamini ni samli."

Baadaye, kunichangamsha, akasema, "Tuanze tena, bibi. Mwache mmoja nyuma, tuvuke. Mwache huyo mwenye jina lako, umalize."

Nikamrudishia pedi. Nikamwambia kesho tunaenda Mabira, na hiyo kompyuta ijae chaji, maana gemu lisiloazimika linabebwa pamoja na mwenyewe.

Tulichukua bodaboda mbili. Njia nzima nilipanga maneno, na kila tulipopita kwenye makorongo yakamwagika, nikaanza kuyapanga upya. Tukamkuta wifi amekaa nje kwenye jua, mguu mmoja ameunyoosha. Amezeeka. Mtoto wa jicho amemla jicho la kulia na sasa anahamia la kushoto. Alitambua sauti ya hodi yangu kabla hajaniona.

"Karibu," akasema. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, wifi."

"Waitu! Sasa mbona umekuja?"

Yale maneno yangu yote ya kwenye bodaboda yalikimbia. Nikamwambia mjukuu afungue kompyuta. Wifi hakuona picha vizuri, akawa anageuza sikio badala ya jicho. Muziki ulipoanza akasogea karibu. Mjukuu akawaongoza bata mpaka darajani. Ulipolia ule mlio wa nyuki, wifi akakamata mkono wangu, akanifinya kwa kucha.

"Ni ule ule."

"Ni ule ule. Na hii haina samli, wifi. Haijawahi kushikwa na mtu yeyote. Imeshuka kutoka hewani, safi, na inakwama pale pale. Lilitengenezwa likiwa na kosa. Sidii yangu haikuharibiwa na nyumba yako."

Kuku wakapita katikati yetu.

"Kwa hiyo samli yangu haikuwa na kosa."

"Haikuwa."

"Sema tena, mjukuu wako asikie."

"Samli yako haikuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa mimi na mdomo wangu. Nisamehe."

Akacheka, kile kicheko chake cha kwenye mkeka, mpaka akakohoa. Kisha kikakatika. "Kaka yangu alikufa anaamini nimekuharibia kitu chako."

"Alisema ni bata tu."

"Hilo si jibu. Aliamini au hakuamini?"

"Sijui, wifi. Sikumuuliza. Niliogopa angeniambia haamini."

Alitikisa kichwa muda mrefu. "Mimi hasira niliyokuwa nayo juu yako imeniishia kama meno. Njoo ukae, usisimame kama mgeni wa serikali. Lakini kuna mtu nilimchapa siku ile tulipofika nyumbani. Nilimchapa sana, kwa ajili ya aibu uliyonipa uani. Naye alikuwa amekuletea kifaranga." Akapapasa simu kwenye khanga, akampa mjukuu amtafutie namba. "Kwa niaba ya huyo siwezi kusamehe mimi. Mwambie mwenyewe."

Simu ikaita. Nikaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," akasema yule binti, alipojua ni mimi. Bado ananiita mama.

"Marahaba, mwanangu." Nikamweleza. Daraja, vifaranga thelathini, watu wa nchi nyingine, samli. Nilisema vibaya, nikirudia rudia. Nyuma yake nilisikia watu wanazungumza na fimbo zinapiga maganda ya maharage. Nikamaliza.

"Mama," akasema, "mimi nilisema siku ile."

"Ulisema nini?"

"Nilisema, kabla ya huyu wa thelathini lilikuwa linavuka, tumtoeni tuone. Nilisema mara mbili. Mkaniambia watoto wanyamaze."

Nilitafuta. Mimi ambaye jina la mtu halinitoki, naikumbuka khanga aliyovaa mama yake siku ile, nawakumbuka majirani wote waliosimama uani na majani ya maboga mikononi. Sauti ya yule mtoto haimo. Nimeitafuta mpaka leo, haimo.

"Sikukusikia," nikamwambia. "Nisamehe kwa hilo pia. Hilo ni kubwa kuliko la samli."

"Nimesikia, mama."

"Siku ukipita kwenda Kayanga, ushuke."

Fimbo ziliendelea kupiga. "Tuko kwenye maharage sasa," akasema. "Tukimaliza, nitaona."

Hakusema atakuja. Wifi alichukua simu yake akaniuliza kasemaje, nikamwambia kama alivyosema, sikuongeza neno. Mjukuu amesharudi Bukoba na bata wake. Mimi asubuhi nafagia uwanja mpaka barabarani, na bodaboda ikija kutoka upande wa Rugera nasimamisha ufagio kwanza, nione kama itapunguza mwendo.